Meza ya Samaki Gikomba: Msimu Ukifungwa, Nani Hulipa?

Ukifika soko la Gikomba, Nairobi, mwezi wa tano, upande wa samaki, utakuta omena, vile visamaki vidogo vya Ziwa Victoria, imejaa magunia kama ilivyokuwa mwezi wa pili. Anayejua kalenda ya ziwa lazima asimame kidogo hapo, maana kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai uvuvi wa omena umefungwa upande wa Kenya wa Ziwa Victoria. Mashua zimevutwa nchi kavu, nyavu zimekunjwa, na bado gorogoro, makopo ya kupimia, zinajazwa. Tathmini hii ni ya meza hiyo: omena, mbuta (sangara), ngege (tilapia) na samaki wa China (tilapia aliyegandishwa kutoka nje), jinsi wanavyouzwa Gikomba, na jinsi kila sheria ya uvuvi inavyojionyesha kwenye bei na kwenye ubora wa unachobeba nyumbani. Msimamo wetu tunautoa mapema. Sheria hizi hazipunguzi sana samaki wanaofika Nairobi. Zinabadilisha wanakotoka, hali wanayofika nayo, na mfuko unaobaki na faida.

Tuanze na omena, maana ndiyo yenye mengi.

Omena huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za sola na za betri. Mwanga unaivuta omena juu, wavu unazungushwa, inabebwa. Mwezi ukiwa mpevu mwanga unatapakaa ziwani kote, omena haikusanyiki, na mashua nyingi hupumzika. Kwa hiyo hata bila sheria yoyote ziwa lina likizo yake kila mwezi, na mnunuzi wa Gikomba huiona siku chache baadaye: mzigo mpya unapungua na wa zamani unachanganywa juu yake. Anayetaka omena iliyokaushwa juzi na jana aangalie mbinguni kabla ya kuangalia mfuko. Siku nzuri za kununua ni zile za mwezi mchanga.

Kufungwa kwa miezi minne ni jambo jingine. Lengo ni kuipa omena nafasi ya kuzaa na kukua, na hatuna ugomvi na lengo hilo. Ila watu wanapopiga hesabu ya hasara huihesabu miezi yote minne kana kwamba ina thamani moja, na haina. Aprili na Mei ni masika. Omena mbichi ni maji karibu robo tatu ya uzito wake. Kilo tatu na nusu hivi za mbichi hutoa kilo moja kavu. Jua likiwaka sawasawa inakauka kwa siku moja. Mvua ikiikuta nusu kavu, mafuta yake yanachacha, inageuka manjano, inanuka, na mwisho wake ni chakula cha kuku. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya omena ambayo ingevuliwa Aprili ingefika Nairobi ikiwa mbovu, kama ingefika. Kufunga mwezi huo kunamnyima mvuvi mapato ambayo nusu yake yangeozea mvuani hata hivyo. Hasara yenyewe iko Juni na Julai, mvua ikishapungua na jua likirudi, mashua zikiwa bado zimelala.

Kwa nini basi magunia hayaishi? Angalia ramani. Ziwa lina kilomita za mraba 68,800 hivi. Tanzania ina karibu nusu yake, Uganda asilimia arubaini na kitu, Kenya asilimia 6 tu. Majirani hawafungi kwa kalenda hii yetu. Mzigo unaingia kwa Sirari na Isebania ukitoka Mwanza na Musoma, ambako omena huitwa dagaa, na unaingia kwa Busia ukitoka Uganda, ambako ni mukene. Samaki ni huyo huyo mmoja. Kilichobadilika ni kwamba kati ya mvuvi na gorogoro yako sasa kuna mpaka, kubadilisha pesa, vibali, ushuru wa kaunti, dalali mmoja au wawili wa ziada, na siku kadhaa ndani ya gunia.

Hapo ndipo pesa inapohama. Msimu ukiwa wazi, mama mwenye mtaji wa gunia mbili anaweza kuagiza moja kwa moja kwa mtu wake wa ufuo wa Mbita au Usenge, mzigo ukapanda basi la usiku, na alfajiri uko Gikomba. Msimu ukifungwa, mtaji huo hautoshi. Kuleta mzigo kutoka ng'ambo kunataka lori, makaratasi na pesa ya kulala njiani, kwa hiyo anayeleta ni mwenye jumla, na yule mama anachukua kwake kwa mkopo kwa bei atakayotajiwa. Mvuvi na kibarua wa mashua hawapati kitu kwa miezi minne. Mchuuzi mdogo anapata kidogo kwa gunia lile lile. Mwenye jumla na mwenye lori ndio wanaovuna, na wala hawajavunja sheria yoyote. Wewe mnunuzi unaongezwa shilingi kadhaa kwenye gorogoro, au bei inabaki pale pale na ubora ndio unaopunguzwa. Hili la pili ndilo la kawaida zaidi, maana gorogoro ya bei iliyozoeleka haimfukuzi mteja.

Sasa tuangalie gorogoro yenyewe kwa karibu. Ni kopo la mafuta ya kupikia la kilo mbili, lakini hizo kilo mbili ni za mafuta. Omena kavu ni nyepesi na gorogoro moja haifikii kilo. Tazama mkono wa muuzaji. Omena ikimwagwa toka juu na kopo lisitikiswe, inakaa kimsalaba na nafasi tele katikati. Ikitikiswa mara mbili inashuka vidole viwili. Usione haya kusema, "Mama, tikisa kidogo," kisha nyongeza ije baada ya kutikisa, si kabla. Chunguza pia kitako cha kopo: kilichobonyezwa kwenda ndani kinakula konzi nzima.

Mchanga una tabia ya kuchekesha. Kwenye gorogoro haumsaidii sana muuzaji, kwa sababu unajificha kwenye mianya na ujazo haubadiliki. Kwenye kilo unamsaidia kabisa. Vivyo hivyo maji: omena iliyokaushwa nusu ina uzito zaidi. Kwa hiyo omena chafu au yenye unyevu inunuliwe kwa kopo, na ile kavu, safi na nyepesi inunuliwe kwa mizani. Wengi wanafanya kinyume.

Vipimo vyetu vya omena ni hivi, na havichukui dakika moja. Rangi iwe fedha inayong'aa. Manjano au kahawia maana yake mafuta yamechacha. Ivunje katikati: iliyokauka vizuri inakatika kwa mlio mdogo, yenye unyevu inakunjika. Chukua konzi moja, iweke kwenye kikombe cha maji, koroga, kisha angalia chini. Iliyoanikwa juu ya chanja inaacha maji karibu safi, iliyoanikwa kwenye nyavu kuukuu inaacha chembe chache, iliyoanikwa chini mchangani inaacha tabaka. Kisha ipime kwa macho. Omena iliyopevuka inapita sentimita 4. Ukikuta wengi hawafiki hapo, au wamechanganyika na vitoto vya mbuta na fulu (samaki wengine wadogo wa ziwani), jua wavu uliowavua ulikuwa na matundu madogo kuliko milimita 10 zinazoruhusiwa, au uliburutwa karibu na ufuo ambako vitoto hukulia. Gorogoro ya namna hiyo huwa rahisi, na rahisi hiyo ina mwenye kuilipa: vile vitoto vya mbuta vingekuwa samaki wa kilo kadhaa.

Hesabu ya usafi ifanye hivi. Tuseme kilo ya omena safi ni shilingi 500 na ukiichambua inapotea asilimia 5. Nyingine ni shilingi 430 lakini mchanga, vipande na vichwa vilivyosagika vinachukua asilimia 22. Ya kwanza inakugharimu shilingi 526 kwa kilo inayoliwa, ya pili 551. Ile ya bei ya chini ndiyo ghali. Ya mwezi wa sita kutoka ng'ambo iliyolala kwenye gunia mara nyingi iko kundi la pili, kwa sababu kila mara gunia linapopakiwa na kupakuliwa omena inavunjika.

Jikoni, omena ya msimu uliofungwa inataka kazi zaidi. Iloweke kwenye maji ya moto dakika tano hadi kumi, isugue kwa viganja, isuuze mara tatu au mpaka chini ya sufuria pasionekane mchanga, kisha ikaange kavu kwanza kabla ya nyanya na kitunguu. Ile ya Septemba dakika mbili zinaitosha. Uchungu ukibaki baada ya kukaanga, tatizo ni mafuta yaliyochacha, na limau halitaliondoa hilo.

Kuna mshindani mwingine wa omena hii ambaye mnunuzi wa Nairobi humsahau: kuku. Viwanda vya vyakula vya mifugo hununua omena nyingi kwa ajili ya protini, na meza za Gikomba zina magunia ya daraja hilo pembeni, yenye mchanga, iliyopondeka, bei chini. Msimu ukibana, baadhi ya omena ya kuku husafishwa kidogo ikapanda meza ya watu. Kwa upande wa viwanda, bei ikipanda wanageukia soya na mashudu ya alizeti, na mfugaji wa Kiambu au Kitengela analiona hilo kwenye bei ya mfuko wa chakula, au kwenye mayai yanayopungua chakula kikiwa hafifu. Kufungwa kwa ziwa kunafika hadi kwenye trei ya mayai.

Alama zetu kwa omena ya Gikomba: mwezi wa tano 4 kwa 10, mwezi wa tisa 8. Agosti yenyewe ni mwezi wa hatari. Tarehe 1 kila mashua inaingia ziwani usiku mmoja, mzigo unamiminika, bei ya ufukweni inaanguka, na chanja za kukaushia hazitoshi, kwa hiyo nyingi inaanikwa chini. Anayenunua wiki ya kwanza ya Agosti anapata bei nzuri na mchanga mwingi. Mvuvi aliyekaa miezi minne bila kipato ndiye anayekutana na bei ya chini kuliko zote. Ugonjwa huu si wa Nyanza peke yake. Huko Alaska, kabla ya 1995, samaki aitwaye halibut alivuliwa kwa mafunguo ya saa 24 mara chache tu kwa mwaka. Kila meli ilikimbilia siku hiyo, samaki wakafurika bandarini na wengi wakagandishwa kwa bei ya kutupa. Mwaka 1995 kila mvuvi akapewa mgao wake, msimu ukarefuka hadi miezi minane hivi, na samaki wakaanza kuuzwa wabichi kwa bei bora. Hatusemi mgao wa mtu mmoja mmoja ungefanya kazi kwa maelfu ya mashua za omena. Tunasema tu kwamba kufungua kila kitu usiku mmoja ni kuitupa sehemu ya faida ambayo watu wameisubiri miezi minne.

Na tukiwa kwenye kalenda: mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake wa Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa mpango uliokubaliwa na nchi zote nne zenye ziwa hilo. Majirani wakikubaliana kufunga pamoja, pengo linakuwa la kweli na faida ya kufunga haivuji kupitia mpakani. Asilimia 6 ya ziwa ikifunga peke yake, pengo linajazwa na jirani.

Mbuta ana sheria ya aina nyingine, na meza yake inasomeka tofauti. Hapa kinachobanwa ni kimo cha samaki. Nchi tatu zilikubaliana, kupitia shirika la uvuvi la ziwa lililoundwa 1994 lenye makao Jinja, kwamba viwanda vipokee mbuta wa sentimita 50 hadi 85. Chini ya hapo hajazaa bado. Juu ya hapo ndio akina mama wakubwa wenye mayai mengi. Bila rula, tumia mkono: dhiraa moja, toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, ni sentimita 45 hivi, ongeza upana wa vidole viwili. Mbuta wa kimo hicho ana uzito wa kilo moja na nusu hivi; wa sentimita 85 anakaribia kilo saba.

Tembea Gikomba na dhiraa yako. Wengi mezani hawafiki. Sababu ni rahisi: kiwanda cha minofu ya kuuzwa nje hukaguliwa mlangoni, na mbuta mfupi hurudishwa. Akirudishwa hatupwi ziwani. Huja kwenye soko la ndani, mbichi, wa kukaangwa au wa moshi. Sheria inayosimama mlangoni pa kiwanda imelifanya soko la ndani kuwa mahali pa samaki walioshindwa mtihani. Mlaji wa Nairobi anapata mbuta wa bei ndogo, naye anakula mtaji wa mwaka kesho. Uganda ilichagua njia nyingine, ikapeleka jeshi ziwani mwaka 2017 kushika nyavu na mashua haramu. Mbuta wakubwa waliongezeka na mauzo ya nje yakapanda, lakini familia nyingi za ufukweni zilichomewa zana na kupoteza kazi kwa siku moja. Hakuna anayepaswa kuitaja nusu moja ya hesabu hiyo bila nyingine.

Wavu ukichomwa, gharama yake haiishii kwenye majivu. Kenya ilipiga marufuku kokoro, wavu wa kukokotwa hadi ufuoni, mwaka 2001, na nyavu za uzi mmoja wa plastiki zimekatazwa pia. Zinaendelea kuingia ziwani kwa sababu ni rahisi na zinavua sana. Mwenye mashua anayezitumia anajua zitakamatwa siku moja, kwa hiyo anataka zilipe haraka: anavua usiku na mchana, anauza kwa yeyote, hachagui kimo. Marufuku isiyo na ulinzi wa kila siku humfundisha mtu kuwa na haraka, na samaki wa haraka ndiye huyo mfupi aliye mezani.

Kwa mnunuzi, hesabu ya mbuta ni ya nyama. Samaki mzima hutoa minofu asilimia 40 hivi. Tuseme mbuta mzima ni shilingi 450 kwa kilo: wa kilo moja na nusu ni shilingi 675, minofu gramu 600, yaani shilingi 1,125 kwa kilo ya mnofu, ukibaki na kichwa na mifupa ya supu. Mkubwa ana afadhali kidogo kwa sababu kichwa chake ni sehemu ndogo zaidi, na mnofu wake haupukutiki kwenye karai. Kama shida ni supu tu, mgongo wazi ndio ununuzi bora kuliko yote kwenye soko hili. Ni mifupa ya mbuta aliyekwisha kutolewa minofu kiwandani, kichwa kikiwepo, nyama iking'ang'ania mbavuni. Kasoro yake ni moja: hutegemea viwanda. Umoja wa Ulaya ulipofunga mlango mwishoni mwa miaka ya 1990, mara ya mwisho ikiwa 1999 kwa hofu ya samaki waliovuliwa kwa sumu, viwanda vilipungukiwa kazi, bei ya mbuta mzima ufukweni ikashuka, na wauzaji wa mgongo wazi wakakosa bidhaa. Amri iliyotolewa Brussels ilimfikia mama mwenye karai huko Obunga, Kisumu, naye hakuwa amemuuzia Mzungu hata kichwa kimoja.

Usitegemee kupata kibofu cha hewa, kile Mwanza wanachokiita bondo. Kinatolewa mapema sana, maana soko la China hukilipia kwa kilo mara nyingi zaidi ya mnofu. Ndicho kinachowafanya wavuvi wamtafute mbuta mkubwa kuliko wote, yule yule ambaye sheria ya sentimita 85 ilitaka abaki ziwani.

Alama za mbuta mzima: 5, kwa sababu ya kimo. Mgongo wazi: 8.

Ngege wa siku hizi mezani ana asili tatu, na ni vizuri uulize. Wa ziwani amevuliwa kwa wavu wa matundu ya inchi 5 kama sheria inavyotaka. Kimo chake hakilingani, rangi yake imeiva, nyama imekaza. Wa vizimba amefugwa ziwani humo humo, miezi sita hadi minane mpaka gramu 300 au zaidi, na wote mezani wanalingana kama ndugu. Gharama yake kubwa ni chakula, zaidi ya nusu ya matumizi yote, kwa hiyo bei yake haifuati msimu wa ziwa bali inafuata bei ya soya na unga wa samaki. Wa mabwawa wamepungua kuliko walivyotarajiwa. Mpango wa serikali wa 2009 ulichimba mabwawa ya mita za mraba 300 kila moja, vifaranga 1,000 kwa bwawa, sehemu nyingi nchini. Mengi yalikauka au yakaachwa fedha za chakula zilipokwisha.

Wa mwisho kwenye orodha yetu na wa kwanza kwa kelele ni samaki wa China. Anakuja amegandishwa, kwenye katoni ya kilo 10, amepangwa kwa gramu. Oktoba 2018 Rais Uhuru Kenyatta alisema aina hii ya samaki izuiwe ili kuwalinda wavuvi wa hapa. Zuio likaja mwanzoni mwa 2019, na halikudumu. Sababu yake inaonekana hata bila takwimu: mahoteli madogo ya Nairobi yalikuwa yamejenga sahani zao juu ya samaki wa kimo kimoja, anayepatikana kila siku, kwa bei moja. Ngege wa ziwa hawezi kuahidi hata moja kati ya hayo matatu. Kumzuia mgeni hakuongezi samaki ziwani; wale waliopo ndio wanaogombaniwa, na mshindi ni mwenye hoteli kubwa.

Kama utamnunua, pima barafu. Samaki hawa hupakwa tabaka la barafu lisiwaache wakauke, na tabaka hilo linauzwa kwa bei ya samaki. Chukua wawili, wapime wakiwa wagumu, waache wayeyuke juu ya wavu au chujio, wafute, wapime tena. Ikiwa katoni ni shilingi 3,000 na barafu ni asilimia 12, umenunua kilo 8.8, shilingi 341 kwa kilo wala si 300. Tarehe ya kufungashwa iko kwenye katoni. Muuzaji anayeuza rejareja bila katoni muulize aionyeshe. Aliyeyeyuka akagandishwa tena ana macho yaliyozama na nyama inayobonyea isirudi. Ladha yake ni ya kupwaya, wakati mwingine ya tope. Kwenye mchuzi mzito hutagundua. Alama 5 kwa kaya, 7 kwa kibanda cha chakula.

Soko lenyewe, kama huduma, ni zuri kwa wanaoamka. Jumla inauzwa kuanzia kabla ya jua. Saa moja asubuhi uko bado vizuri, saa nne umechelewa na samaki wabichi wamekaa nje ya barafu. Kanuni ya barafu kwa hali yetu ya hewa ni kilo moja kwa kilo moja ya samaki, na meza nyingi hazifikii hata robo ya hapo, kwa hiyo nenda na ndoo yenye kifuniko na barafu yako. Vaa gambuti. Vijana wa kupaa magamba wako pembeni na wana kasi ya ajabu. Lipa baada ya kuona tumbo limesafishwa mpaka damu ya kwenye uti wa mgongo imetoka, maana hiyo ndiyo huanza kuoza. Kununua kwa M-Pesa hakuna shida popote.

Swali moja tu linalofaa kuulizwa kila mara: "Mama, hii ya wapi?" Jibu lenye jina la ufuo, Usenge, Mbita, Dunga, linakuja upesi kama ni kweli. Likija "ya Kisumu" mwezi wa sita, na ni omena, mpe tabasamu na upime kwa kikombe cha maji.

Samaki wa pwani Gikomba si wengi. Kwa hao nenda City Market, Muindi Mbingu. Huko bei inafuata pepo. Kusi ikivuma, Aprili hadi Septemba, mashua ndogo za Mombasa na Lamu hazitoki mbali na changu na nguru hupanda bei. Kaskazi ikirudi hushuka. Kamba ndio wenye sheria ya kuzingatia. Uvuvi wa trola, meli za kukokota wavu, kwenye ghuba ya Ungwana ulisimamishwa 2006 baada ya ugomvi mrefu na wavuvi wadogo, ukarudi chini ya mpango wa 2010: trola zisisogee ndani ya maili 3 za baharini, na zifunge kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi. Wavuvi wadogo huendelea na kamba wao huwa wabichi zaidi, ila hawatoshi mji. Mwenye harusi ya Desemba anunue kamba Oktoba, awagandishe wakiwa na maganda, kwenye maji, ndani ya chombo kilichofungwa.